Mbu wa saa tisa: hotuba kuhusu kazi ya mhandisi wa programu za utafiti

(Hotuba hii ilitolewa katika wiki ya utafiti ya idara, mbele ya wahadhiri na wanafunzi wa uzamili. Imeandikwa hapa kama ilivyosemwa, kwa marekebisho machache.)

Mkuu wa Idara, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Wenzangu wa maabara na wa masjala, ambao kwa kawaida hamwalikwi kwenye vikao vya namna hii, karibuni sana, maana mengi nitakayosema yanawahusu.

Nimeombwa nieleze kazi ninayofanya katika idara hii. Nitaanza na mbu.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kwenye mradi mwingine, nilikabidhiwa data ya mbu kutoka vijiji vitatu. Mliofanya kazi ya malaria mnajua data ile inavyopatikana. Mtu anakaa usiku kucha, kibarazani au ndani ya nyumba, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi na mrija mdomoni. Mbu akitua mguuni, anamulikwa na kufyonzwa kabla hajauma, kisha anatiwa kikombeni. Kila saa ina kikombe chake. Kazi huanza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye fomu ya karatasi zinaandikwa namba mbili tu: saa, na idadi ya mbu. Wanaoifanya kazi hiyo wanastahili heshima kubwa kuliko tunayowapa.

Nilipofika, chati ilikuwa tayari. Ilionyesha kwamba mbu wengi wanauma kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati watu wangali nje, chakula kiko jikoni, watoto hawajaingia ndani ya chandarua. Mtafiti wetu mkuu alikuwa ameshaanza kuandika makala. Hoja yake ilikuwa kwamba katika vijiji hivi chandarua hakitoshi, kwa sababu mbu wanauma mapema. Na hoja hiyo haikuwa ngeni. Kuna tafiti kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zilizoonyesha mbu wa malaria wakiuma mapema zaidi baada ya vyandarua kuenea. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Chati ilisema jambo ambalo sote tulikuwa tayari kuliamini.

Mimi nilitumwa kazi ndogo tu. Programu iliyochora chati ile ilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa uzamili aliyekwisha kuhitimu na kuondoka. Nilitakiwa kuihamishia kwenye seva ili msimu unaofuata iweze kutumika tena. Kabla ya kuihamisha nikaisoma, mstari kwa mstari, na nilipofika sehemu inayosoma saa nikasimama.

Fomu zilikuwa na namba tupu: 12, 1, 2, 3, kuendelea hadi 11. Programu ilizichukua kama saa za Kizungu. Namba 12 ikawa usiku wa manane. Namba 1 hadi 5 zikawa za kuelekea alfajiri. Namba 6 hadi 11, kwa kuwa kazi ilifanyika usiku, ikazirudisha jioni: 18:00, 19:00, hadi 23:00. Aliyeiandika hakuwa mzembe. Alifikiri, akajua kwamba saa sita mchana haiwezi kuwemo, akapanga namba zake kwa mantiki safi kabisa. Lakini hakuwahi kuiona fomu ikijazwa.

Sikutaka kubahatisha. Tukaomba gari la mradi, tukaenda kijijini. Nikamtafuta mzee mmoja aliyekamata mbu wale kwa misimu miwili. Nikamsalimu, nikampa fomu yenye mwandiko wake mwenyewe, nikaweka kidole kwenye namba 9. Nikamuuliza, "Mzee, hii ulikuwa unamaanisha saa ngapi?"

Akanitazama kidogo. "Mwanangu, saa tisa ni saa tisa. Jogoo la kwanza linakaribia kuwika."

Kumbe usiku mzima ulikuwa umegeuzwa. Nusu ya kwanza ilikaa mahali pa nusu ya pili, na nusu ya pili mahali pa kwanza. Wale mbu tuliowaita wa jioni walikuwa mbu wa saa nane, saa tisa na saa kumi usiku, wakati kijiji kizima kimelala, na wenye vyandarua wako ndani ya vyandarua vyao.

Marekebisho yalikuwa mistari minne. Makala ikaandikwa upya kuanzia kichwa. Sijaacha kufikiria ripoti ya kwanza ingefika wilayani ikiwa na mhuri wetu, ikisema kwamba vyandarua katika vijiji vile vina msaada mdogo. Kuna mama angesikia jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Angelitendea kazi, kwa sababu tulimwambia sisi wasomi.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara huulizwa nani alikosea. Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa haki. Mzee aliandika saa kama anavyoisema kila Mswahili. Mwanafunzi aliandika programu bila kufundishwa, huku akiwa na tasnifu ya kumaliza. Msimamizi wake alisoma chati na akasoma makala, kama wasimamizi wanavyofanya. Tatizo ni kwamba kati ya ile karatasi na ile chati palikuwa na mistari mia tatu na kitu ya programu, na katika mradi mzima hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kuisoma.

Kazi hiyo ndiyo kazi yangu. Ina jina sasa: mhandisi wa programu za utafiti. Jina lenyewe ni changa. Lilipatikana Uingereza mwezi Machi 2012, kwenye warsha iliyofanyika Oxford, ambapo watu waliokuwa wakiandika programu ndani ya vyuo vikuu walikaa pamoja wakagundua kwamba wanafanya kazi moja, kila mmoja kwa cheo tofauti, na wengi wao kwa cheo ambacho hakitaji programu kabisa. Mwaka huohuo chuo kikuu kimoja cha London, kile kinachoitwa UCL, kikaunda kikundi cha watu wa kazi hiyo. Mwaka 2016 wakafanya mkutano wao wa kwanza mjini Manchester, na mwaka 2019 wakasajili chama. Nataja haya ili mwanafunzi anayependa kazi hii ajue kwamba anaweza kuitafuta kwa jina lake na kukutana na watu.

Mwaka 2014 taasisi iliyoandaa warsha ile iliwauliza watafiti wa vyuo vikuu 15 vya Uingereza. Waliojibu walikuwa 417. Asilimia 92 walisema wanatumia programu katika utafiti. Karibu saba katika kila kumi walisema bila programu utafiti wao usingewezekana. Zaidi ya nusu walisema wanaandika programu zao wenyewe, na katika hao, mmoja kati ya watano hakuwahi kupata mafunzo yoyote ya kuandika programu. Hiyo ni Uingereza, penye vyuo vyenye fedha. Sina haja ya kuwaambia ninyi mlioko hapa hali yetu ikoje. Angalieni mlivyojifunza wenyewe.

Tusidhani kwamba kosa kama lile la mbu hutokea kwa wadogo tu. Mwanasayansi Geoffrey Chang wa California alikuwa akichunguza maumbo ya protini, na makala zake zilichapishwa katika majarida makubwa kabisa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 alilazimika kuziondoa makala tano. Programu ndogo ya kuchakata data, ambayo maabara yake iliirithi kutoka kwingine, ilikuwa imebadilishana safu mbili za namba, na alama ya kutoa na kujumlisha ikageuka. Umbo la protini likatoka kinyume, kama mkono wa kulia unavyoonekana kwenye kioo. Wengine walikuwa wametumia miaka wakijaribu kulinganisha kazi yao na ile picha. Namheshimu kwa sababu alitangaza kosa lake hadharani.

Na wanabiolojia wanajua kisa cha Excel. Kuna jeni lililoitwa MARCH1 na lingine SEPT2. Ukiyaandika kwenye Excel, inayageuza kuwa tarehe bila kukuuliza. Mwaka 2016 wachunguzi walipitia makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, wakakuta takriban moja katika kila tano ina makosa ya aina hiyo. Mwishowe, mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadilisha majina yenyewe. Leo ni MARCHF1 na SEPTIN2. Ilikuwa rahisi zaidi kubadili majina ya jeni kuliko kuwabadilisha watu na Excel yao.

Sisi tuna ya kwetu, na hakuna wa nje atakayetugundulia. Saa za Kiswahili ni moja. Nyingine ni ng'. Chukueni kijiji kama Mang'ula. Karani mmoja anaweka ile alama iliyonyooka, kishikwambi cha mwenzake kinaweka iliyopinda, wa tatu anaiacha kabisa na kuandika Mangula. Kompyuta inahesabu vijiji vitatu. Ukigawanya wagonjwa kwa idadi ya wakazi, kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinapata kiwango cha uongo. Nimekuta hitilafu hii katika miradi minne tofauti, na mara moja alama hiyohiyo ilisimamisha programu nzima kwa sababu ilidhani maneno yameishia pale. Tarehe nazo: 04/05 kwetu ni tarehe nne ya mwezi wa tano, na programu nyingi zilizoandikwa Marekani zinaisoma tarehe tano ya mwezi wa nne. Siku zinapovuka 12 programu inalalamika, kabla ya hapo inanyamaza. Kosa linalonyamaza ndilo ninaloliogopa.

Baadhi yenu mtauliza, siku yangu inapitaje. Sehemu kubwa nasoma. Nasoma programu za watu wengine, na ninauliza maswali yanayoonekana ya kitoto: namba hii imetoka wapi, kwa nini umegawa kwa 365, huyu mwenye umri wa miaka 99 ni bibi kweli au 99 ina maana ya "hakujibu"? Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mtafiti aliyeishi na data yake miaka mitatu hawezi tena kuiona kama mgeni anavyoiona, na hilo si kosa lake.

Sehemu nyingine naandika majaribio. Naomba nilieleze hili taratibu kwa wasiolijua, kwa sababu ndilo ningependa mwondoke nalo. Jaribio ni programu ndogo inayoiuliza programu kubwa swali ambalo jibu lake tunalijua. Kwenye mradi wa mbu niliandika hivi: nikikupa saa 2 usiku, unirudishie 20:00, nikikupa saa 9 usiku, unirudishie 03:00. Jaribio hilo linaendeshwa kila mtu anapogusa mstari wowote. Mwanafunzi anayekuja baada ya miaka mitano, ambaye hatawahi kukutana na yule mzee, akiirudisha hitilafu ile kwa bahati mbaya, kompyuta itamkatalia palepale. Maneno ya mzee yamo ndani ya programu, na yatabaki humo baada ya sisi kuondoka.

Halafu kuna mambo ya umeme. Uchambuzi wa kitakwimu unaokwenda saa kumi na moja mfululizo, umeme ukakatika saa ya tisa, unaanza upya. Nimejifunza kuandika programu zinazohifadhi hatua zao kila baada ya muda ili ziendelee pale zilipoishia. Vitabu vinalitaja jambo hilo juu juu tu, lakini hapa kwetu limeokoa tasnifu za watu.

Ninapozungumza na wakuu, mara nyingine huambiwa kwamba haya ni mambo ya vyuo vya nje, sisi bado. Napinga kwa moyo wote. Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Mfumo ule ulipoelemewa na wingi wa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI, kukabuniwa kuanzia mwaka 2004 mfumo mpya, OpenMRS, ambao leo unatumika katika nchi nyingi duniani. Mizizi yake iko Mosoriot. Vivyo hivyo DHIS2, mfumo ambao takwimu za vituo vyetu vya afya hupitia. Unatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulianzia kwenye kazi iliyofanyika Afrika Kusini miaka ya tisini, na hapa Tanzania watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa sehemu ya kazi hiyo kwa miaka mingi, wakiurekebisha uendane na mahitaji ya Wizara ya Afya. Hawa ni wahandisi wa programu za utafiti. Waliifanya kazi kabla haijapewa jina, na ripoti za afya za wilaya zetu zinasimama juu ya mabega yao.

Sasa niseme lililo moyoni. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, katika taasisi zaidi ya moja. Katika miaka hiyo nimesaini mikataba saba. Kila mradi ulipoisha, mkataba uliisha, na programu niliyoijenga ikabaki bila mwenyewe mpaka mfadhili mwingine apatikane. Sehemu moja nilikaa miezi minne bila mshahara huku nikipokea simu za wanafunzi wanaouliza kwa nini programu imegoma, na nilikuwa nawajibu, kwa sababu mwanafunzi hana kosa. Katika muundo wa utumishi sikuwa na kada. Nikiomba kupandishwa cheo kama mtafiti, naulizwa makala zangu ziko wapi. Nikiomba kama mtu wa TEHAMA, naambiwa sijahudumia mtandao wala mashine. Mara mbili nimeona kazi ya miezi minane ikitajwa mwishoni mwa makala kwa maneno "tunashukuru kwa msaada wa kiufundi".

Sisemi haya kwa kutaka kuonewa huruma. Katika miaka hiyo nimewaona vijana wanne, wazuri kuliko mimi, wakiondoka kwenda benki na kampuni za simu. Siwalaumu, wana ndugu wa kusomesha. Lakini kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi ambao hakuna mwingine alikuwa nao: anajua kwa nini safu ya saba kwenye data ya mwaka fulani haiaminiki, anajua ni kituo gani kilibadilisha mashine ya maabara katikati ya mwaka. Ujuzi ule haukuandikwa popote. Idara imeupoteza, na haina hata njia ya kujua kwamba imeupoteza.

Mkuu wa Idara, najua bajeti ilivyo, kwa hiyo naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Kila andiko la mradi linalotoka hapa liwe na kifungu cha fedha cha programu, kama lilivyo na kifungu cha mafuta ya gari. Hakuna anayeona aibu kumwandikia mfadhili lita za dizeli. Aliyejenga programu iliyotoa matokeo aandikwe kama mwandishi kwenye makala, pamoja na wengine. Na kabla makala haijatoka idarani, mtu wa pili aisome programu na kuiendesha kwenye kompyuta nyingine, kuanzia data ghafi, na apate chati ileile. Hilo la mwisho halina gharama zaidi ya siku moja au mbili. Lingefanyika, mbu wetu wasingekaribia namna ile kufika kwa mchapishaji.

Kwenu wanafunzi. Mmoja wenu aliniuliza asubuhi kama anahitaji shahada ya sayansi ya kompyuta ili aifanye kazi hii. Hapana. Niliowaona wakifaulu ni watu wa takwimu, wa jiografia, wa ufugaji, hata wa isimu, waliokuwa na uvumilivu wa kukaa na kosa moja siku nzima bila kuliacha. Jifunzeni lugha moja ya programu kwa undani, iwe R au Python. Jifunzeni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ili kila badiliko liwe na tarehe, mwenyewe na sababu. Na msiogope kuonyesha programu yenu ikiwa bado mbaya. Wengi huja kwangu wakiwa wamezificha wiki nzima kwa aibu, wakati tatizo tungeliona pamoja kwa nusu saa.

Niko chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, upande wa maktaba. Kila Jumanne kuanzia saa nane mchana mlango uko wazi, huhitaji kuweka miadi. Njoo na kompyuta yako, na kama data yako ilianzia kwenye karatasi, njoo na fomu moja iliyojazwa kwa mkono. Hiyo nitaomba kuiona kwanza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.